Nakshi Hailipi Peke Yake

Wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaamini kwamba nyumba ikikarabatiwa kwa umaridadi, kodi itapanda. Imani hiyo ina msingi. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na mgeni anayekuja kuuona hutafuta mlango wa nakshi, zidaka na dari ya boriti, vitu asivyovipata kwa urahisi kwingine. Wapo wanaodai kuwa kinacholipiwa ni mahali tu. Mahali pana uzito, lakini nyumba mbili za kichochoro kimoja zina bahari ileile na soko lilelile. Inapobaki tofauti ya kodi, imetokana na nyumba zenyewe. Hata hivyo, umaridadi hulipa pale tu unapotoka katika mwili wa nyumba, si unapobandikwa juu yake.

Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, nazo hufyonza unyevu na kuutoa. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, rangi hubabuka na ncha za boriti huoza. Ni kweli saruji hukauka upesi na mafundi wake ni wengi, lakini anayeikimbilia hukarabati mara mbili, na miezi ya ukarabati wa pili haina kodi. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la mji huu, ilipoporomoka Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu wakapoteza maisha, ilidhihirika kwamba uzima wa jengo la kale hutangulia uzuri wake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwalimu au karani anayetafuta pa kuishi na wanawe halipii nakshi. Huuliza kama maji yanatoka na paa halivuji. Tunalikubali, na ndiyo sababu tunamsihi mwenye nyumba asipige hesabu kwa kodi ya msimu wa wageni pekee. Mwaka 2020 ndege ziliposimama, vyumba maridadi vilikaa vitupu. Paa, mabomba na chokaa humfaa mgeni na mwenyeji vilevile, kwa hiyo fedha ianzie hapo, nakshi ifuate. Zaidi ya hayo, mji ukiwahamisha wakaazi wake wote kwa ajili ya kodi kubwa, utapoteza maisha ya barazani na vichochoroni ambayo mgeni huyo huyo alikuwa akiyalipia.