Adui ni Pipa, si Mpika Pombe

Wapo watumishi wa umma ambao jioni hunywa pombe ya nafaka na asubuhi huitukana kuwa ni ushenzi. Hiyo ni kasumba. Mama wa Kagerankanda, huko Kasulu, ana ujuzi kamili: huroweka nafaka, huiotesha, huianika na kuisaga iwe kimea, kisha huichanganya na uji mtungini hadi ichachuke. Hiyo si gongo. Gongo hukenekwa, nayo ilitungiwa Sheria ya Moshi mwaka 1966.

Adui halisi ni uchafu wa vyombo na nafaka. Pipa lililobeba dawa ya wadudu halitakasiki kwa majivu wala kwa maji ya moto. Unga ulioharibika nao hauponi kwa kuchemshwa: Januari 2015, huko Chitima, Msumbiji, pombe ya unga wa namna hiyo iliua watu 75.

Basi kuvunja mitungi si maendeleo. Bwana afya na mwalimu, kabla ya kuagiza kata ya kwanza, wafundishe: mtungi safi, nafaka kavu, na pipa la sumu litobolewe lisitumike tena. Anayemdharau mpika pombe huku akinywa jasho lake ni mnyonyaji.