KIJANA AJUA HESABU, LAKINI HAJUI KUSOMA MSHAHARA WAKE



Kila mwaka mtihani wa Kidato cha Nne ukiisha, mabasi ya Kitui, Mwingi na Wote hujaa vijana waendao kutafuta kazi. Wengine hushuka Mlolongo na Athi River, wengine hufika Nairobi, na wa Kibwezi na Mtito Andei wengi huelekea Mombasa. Kijana huyo amesoma miaka 12. Ajua kutafuta eneo la duara. Lakini mpe karatasi ya mshahara, umwulize mbona amepata pungufu, atakujibu: "Sijui, karani ndiye ajuaye."

Chukua mshahara wa Sh. 20,000/- kwa mwezi. Bima ya afya ya SHA hukata asilimia 2.75, yaani Sh. 550/-. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, Sh. 300/-. NSSF asilimia 6, Sh. 1,200/-. Jumla Sh. 2,050/-, na mkononi hubaki Sh. 17,950/-. Kodi ya mapato haifiki mshahara huo. Tena mwajiri apaswa kutoa mfukoni mwake Sh. 1,200/- nyingine za NSSF na Sh. 300/- nyingine za nyumba. Hesabu hii mtoto wa darasa la saba aiweza. Mbona hakuna aliyempa aifanye? Basi kijana akiona zimekatwa Sh. 3,500/- hajui aulize nini, wala hajui kwenda NSSF kutazama kama fedha zake zilifika. Zisipofika, atajua siku ya uzee, mwenye kampuni amekwisha funga mlango na kwenda zake.

Hatuwalaumu walimu. Wao nao ni wafanya kazi na wana vyama vyao. Somo la Stadi za Maisha liliingizwa mashuleni mwaka 2008, lakini halikutahiniwa, na somo lisilotahiniwa katika Kenya yetu ni kama mgeni asiyepewa kiti. Saa yake ilichukuliwa na Hesabu na Kemia, na wazazi wengi hawakuuliza, maana walitaka alama. Hata pale lilipofundishwa, lilihusu zaidi kujitambua na kukataa vishawishi. Mambo mema hayo, lakini hayamsaidii mtu aliyepewa karatasi ya kutia sahihi mbele ya nyapara. Mwaka 2024 masomo ya sekondari ya chini yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9, Stadi za Maisha likaacha kuwa somo la peke yake.

Tena kuna jambo ambalo shule ilifundisha vizuri mno: kunyamaza. Kijana akiambiwa "Toka!" hutoka. Hajui kwamba Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze kosa lenyewe kwa lugha aijuayo, na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama awepo. Hajui kwamba mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoielewa ni lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, hata kama ni Kikamba. Hajui kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo hata siku zake zikatimia mwezi, sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, si wa kutumwa nyumbani jioni bila taarifa. Arudi Kitui na mfuko wake, akae, alime, angoje mvua. Siku akutanapo na mtu wa kumweleza, miaka mitatu imepita, na madai yake hayapokelewi tena mahakamani. Hapo ndipo twapoteza wengi.

Wako wasemao kijana ajuaye sheria mno hataajiriwa. Twawajibu hivi: asiyejua huajiriwa, ndiyo, na huajiriwa kwa nusu ya haki yake, na kwa hiyo hushusha mshahara wa mzee anayesimama karibu naye kwenye mashine.

Nyumbani tulifunzwa mwethya. Katika mwethya wa kuchimba matuta hakuna karatasi: leo shamba langu, kesho lako, na kila mtu amjua mwenzake tangu kwa babu. Ni elimu njema, na twaiheshimu. Lakini kijana wetu huenda nayo kiwandani akadhani neno la mdomo latosha. Haandiki siku alizofanya. Hatunzi nakala. Akiacha kazi haombi cheti cha utumishi, nacho ni haki yake.

Basi twataka matawi ya Kitui na Makueni yasiingoje serikali ibadili vitabu. Baada ya mtihani wa Novemba na kabla ya Krismasi vijana wako nyumbani, na wanachama wengi nao huja likizo. Yatosha siku moja katika kila tarafa, shuleni au kanisani, ubao na chaki. Wafanye hesabu ile ya Sh. 20,000/- kwa mikono yao, waandike barua ya madai, wasome mkataba mmoja toka mwanzo hata mwisho. Wasichana waitwe pia, hasa waendao kazi za nyumbani, maana hao ndio huondoka bila karatasi yo yote.

Mwenye karatasi za zamani za mshahara azilete kwa katibu wa tawi lake. Akate jina lake na la kampuni, aache tarakimu.