Mali Bila Daftari

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Siku hizi daftari hilo limekuwa simu, nami nataka kuuliza: daftari la kahawa yetu limeandikwa jina la nani?

Kutuma fedha kwa simu kulianza Uganda mwaka 2009. Faida zake twazijua sote hapa Kasese. Mchuuzi wa Bwera aendaye soko la Mpondwe hana haja ya kufunga noti katika kitambaa, na karo ya shule hufika bila mzazi kusafiri. Silaumu chombo hiki.

Lakini laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, kwa jina la mtu mmoja. Huku kwenye milima ya Rwenzori akina mama ndio wapaliliao kahawa, waichumao na kuianika. Malipo mara nyingi huingia katika simu ya baba. Babu yangu alipofariki, fedha za mavuno zilikuwa katika laini yake. Bibi, aliyeichuma kahawa ile kwa mikono yake, hakuijua namba ya siri. Alihangaika miezi mitatu, barua mkononi, kabla ya kupata haki yake.

Sasa jambo kubwa zaidi laja. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria kwamba kahawa iuzwayo huko lazima ijulikane imetoka shamba gani. Kwa hiyo wakulima wa Uganda wameanza kuandikishwa, na mahali pa kila shamba hupimwa kwa setilaiti. Sheria hiyo haiulizi ni nani ashikaye jembe. Akiandikwa baba peke yake, kesho mtu atamwambia mjane, "Jina lako halimo, shamba hili si lako."

Wako wazee wasemao kwamba majina mawili huvunja nyumba. Mimi naona kwamba siri ndiyo huivunja. Yatupasa sisi wanafunzi, tukirudi nyumbani likizo hii, tuwasaidie mama zetu kupata laini zao wenyewe. Na karani wa kuandikisha mashamba ajapo, tuwaombe wazazi wataje majina yote mawili mbele yake. Aliyelima naye aonekane katika daftari.