'El Rey': Mfalme Aliyeachwa na Kiburi Chetu Ughaibuni

Sisi tunaoishi Marekani tumeuzoea wimbo wa Kihispania uitwao 'El Rey', yaani Mfalme. Utausikia harusini kwa Wameksiko, kwenye baa zao, hata katika majiko ya mikahawa ambamo wengi wetu tumeosha vyombo usiku kucha pamoja nao. Kikifika kiitikio, watu wazima hupaza sauti kana kwamba timu yao imetwaa kombe. Kwa miaka mingi tulidhani ni wimbo wa ushindi. Tulikosea.

Mtunzi wake, José Alfredo Jiménez, alizaliwa mwaka 1926 huko Dolores Hidalgo, jimbo la Guanajuato. Kabla ya umaarufu alikuwa mhudumu wa mgahawa na golikipa. Hakujua kupiga ala wala kusoma noti. Alipiga mluzi, na wajuzi kama Rubén Fuentes wakaupanga muziki. Alifariki mwaka 1973 kwa maradhi ya ini, akiwa na miaka 47. Baadaye Vicente Fernández, aliyefariki Desemba 2021, aliueneza wimbo huo zaidi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwanamume ameachwa. Badala ya kukiri kwamba ameumia, anatabiri kuwa mwanamke ndiye atakayelia, kisha anajitawaza ufalme ambao hauonekani popote.

Wapo wanaosema huo ni mfumo dume mtupu. Hoja hiyo ina uzito, maana mwanamke hapewi nafasi ya kujibu. Lakini tuisikilize sauti, tusiishie kwenye majigambo. Chavela Vargas, mwanamke aliyekuwa rafiki wa Jiménez, aliziimba nyimbo za mtunzi huyo polepole kwa gitaa, bila kelele za tarumbeta. Majigambo yakapukutika, kikabaki kidonda.

Na kidonda hicho tunakijua. Sisi tulioondoka makwetu kwa sababu ya kalamu, tukipigiwa simu kutoka nyumbani jibu ni moja tu: "Mambo safi." Mwenzetu mmoja aliachwa na mkewe, na mwaka mzima akatuambia kuwa mama watoto amesafiri. Tulipogundua tulimcheka. Kisha tukakumbuka kuwa nasi tumewaambia wazazi wetu kuwa tuna ofisi, ilhali tulikuwa na ufagio.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wameksiko nao wana kiburi kama sisi, lakini wametuzidi kwa jambo moja: aliyeachwa huimba mbele za watu, na ukumbi mzima humwitikia. Kila mtu anajua kwamba mfalme yule hana kitu, na hakuna anayemcheka. Sisi hujifungia chumbani, tukatawala peke yetu.

Kwa maoni yetu, hakuna aibu katika kuachwa, wala katika kushindwa ugenini. Leo jioni tupige simu nyumbani, na tukiulizwa hali, tuseme kweli.