Tiba ya Ugumba Yahitaji Sheria

Hapa Nakwa, kama katika mitaa mingine ya Babati, mke aliyekosa mtoto huitwa tasa kabla mumewe hajapimwa. Unguja na Pemba lawama ni hiyo hiyo. Lakini Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja katika kila sita hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Na sababu huweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili.

Tangu alipozaliwa Louise Brown huko Uingereza mwaka 1978, utaalamu wa kutungisha mimba nje ya tumbo la uzazi umeenea duniani. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza kwa njia hiyo mwaka 2004, Kenya mwaka 2006, na kwetu huduma hiyo imekwisha kuingia.

Wapo wasemao kwamba huko ni kuingilia kazi ya Mwenyezi Mungu. Hofu hiyo tunaiheshimu. Hata hivyo, Sheikh Jad al-Haq, Mufti wa Misri, alitoa fatwa mwaka 1980 kuruhusu tiba hiyo baina ya mume na mke walio katika ndoa, akakataza mbegu za mtu wa tatu ili nasaba isichanganyike. Basi shina la hofu ni nasaba, na nasaba hailindwi kwa minong'ono, bali kwa daftari na sheria.

Sheria ya Mtoto ya Bara ya mwaka 2009 na ile ya Zanzibar ya mwaka 2011 hazikutungwa kwa ajili ya mbegu na mayai yaliyohifadhiwa maabara. Tena afya si jambo la Muungano, ilhali mgonjwa wa Nakwa na wa Pemba waweza kubisha mlango ule ule Dar es Salaam. Serikali zetu mbili hazina budi kuafikiana.

Tunashauri kliniki zisajiliwe mahsusi kwa kazi hiyo, mume na mke wapimwe wote, gharama na uwezekano wa kushindwa vielezwe kabla ya malipo, ridhaa iandikwe, na kumbukumbu za asili ya mtoto zitunzwe kwa siri.

Mwananchi atafutaye mtoto yu tayari kuuza ng'ombe na shamba. Mahali hapo Serikali isipokuwapo, mlanguzi atakuwapo.