Mlango uliofunguliwa Nyeri wafungwa na Mahakama ya Upeo

MAHAKAMA ya Rufaa iliyoketi Nyeri ilipompunguzia mwanamume kifungo cha unajisi kutoka miaka 20 hadi 15, Oktoba 2022, ilionekana kama nafuu ya mfungwa mmoja tu. Haikuwa hivyo. Majaji walisema vifungo vya lazima katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 vinamnyima hakimu uhuru wa kupima kila kesi kivyake, na hivyo vinakiuka katiba.

Upande wa mashtaka ulikata rufaa. Julai 2024, Mahakama ya Upeo iliirejesha miaka 20. Ilieleza kuwa uamuzi wa Muruatetu wa 2017, ulioondoa ulazima wa hukumu ya kifo, ulihusu mauaji pekee, na kwamba kuweka viwango vya adhabu ni kazi ya Bunge.

Sheria hiyo ilitokana na mswada wa Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge maalum na tangu 2011 jaji wa Mahakama ya Upeo. Haiitambui ridhaa ya aliye chini ya miaka 18. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Aliyetimiza 16, si chini ya 15. Hivyo cheti cha kuzaliwa, ambacho baadhi ya wazazi hukitafuta tu mtihani unapokaribia, chaweza kuamua miaka mitano ya maisha ya mshtakiwa.

Ukali huo haukuzuka bure. Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kuwa polisi walikiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamishi yao ipasavyo. Katika kesi hiyo, maarufu kama ya wasichana 160, baadhi ya waliotajwa walikuwa jamaa na majirani, watu waliopaswa kuwalinda.

Lakini kifungu hicho hicho humnasa pia kijana na mpenzi wa rika lake. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Homa Bay iliona ni ubaguzi kumshtaki mvulana peke yake ilhali wote wawili walikuwa watoto. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilimwachilia mwanamume aliyefungwa kwa uhusiano na msichana wa miaka 17, ikataka taifa lijadili iwapo umri wa ridhaa uwe 16.

Kushusha umri, hata hivyo, ni dawa isiyolingana na ugonjwa. Kungemnusuru mzee wa miaka 45 anayemrubuni mwanafunzi wa miaka 16 kwa nauli, na kumwacha mashakani kijana wa 18 mwenye mpenzi wa 15. Kinachokosekana ni kipengele kinachotazama tofauti ya umri baina ya wawili hao. Afrika Kusini ilifanya hivyo mwaka 2015, miaka miwili baada ya Mahakama yake ya Katiba kuamua kuwa kuwashtaki vijana wa rika moja waliokubaliana ni kinyume cha katiba.

Bunge lisipochukua hatua hiyo, hakimu wa Karatina au Nanyuki akishampata na hatia kijana aliyetimiza miaka 18 juzi, atafungwa na kiwango kile kile cha chini cha adhabu kinachomhusu mwalimu aliyemnajisi mwanafunzi wake.