MAZUNGUMZO YA AFYA: Kovu Mkononi mwa Bibi



Leo jioni, mkiisha kula, nanyi mngali mmekaa pamoja, mwombeni bibi au babu akunje mkono wa nguo yake. Ikiwa alichanjwa alipokuwa mtoto, mtaona kovu dogo la mviringo, limebonyea kidogo, kana kwamba mtu alikandamiza punje ya hindi katika udongo laini. Watoto watamwuliza: «Bibi, nani alikuumiza?» Naye atacheka, maana hakuna aliyemwumiza. Ile ni alama ya chanjo ya ndui. Ninyi vijana hamnayo. Kovu walilo nalo wengi wenu ni la chanjo ya kifua kikuu, nalo ni jambo jingine kabisa.

Twataka kuwaeleza leo kovu la bibi lilitoka wapi, kwa nini ninyi hamkupewa, na kwa nini habari hiyo inazihusu sana jamaa zetu siku hizi.

*Mkono wa mkamaji*

Ndui ilikuwa ugonjwa wa kutisha. Katika kila watu 10 walioshikwa nayo, 3 hivi walikufa. Waliopona walibaki na mashimo usoni, na wengine walipofuka macho. Haikuchagua mfalme wala maskini. Hukadiriwa kwamba katika karne ya 20 peke yake iliua watu wapatao milioni 300.

Sasa huko Uingereza, katika wilaya ya Gloucestershire, wakulima walikuwa na neno lao la siku nyingi: msichana mkamaji aliyekwisha kupata ndui ya ng'ombe hapati tena ndui ya watu. Ndui ya ng'ombe ilikuwa vipele katika kiwele na chuchu za ng'ombe. Mkamaji akiwa na mchubuko mkononi, vipele vilimtoka yeye pia, akaumwa siku chache, kisha akapona. Mwaka 1774 mkulima mmoja, Benjamin Jesty, aliogopa ndui iliyokuwa ikizunguka karibu na kwake. Akawachanja mke wake na wanawe wawili kwa usaha wa ng'ombe. Jirani zake walimzomea.

Daktari Edward Jenner wa mji wa Berkeley hakuwadharau wakulima. Aliwasikiliza, akaandika waliyomwambia, akayapima. Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa maji ya kipele kilichokuwa mkononi mwa mkamaji Sarah Nelmes, aliyeambukizwa na ng'ombe wake aitwaye Blossom. Akayatia katika mikwaruzo miwili mkononi mwa James Phipps, mtoto wa miaka 8, mwana wa mtunza bustani wake. Mtoto akapata homa kidogo, akapona. Tarehe 1 Julai Jenner akamtia usaha wa ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. Leo hakuna daktari anayeruhusiwa kumjaribu mtoto namna hiyo. Lakini neno la wakulima lilikuwa limehakikishwa, na mwaka 1798 Jenner alilieleza katika kitabu chake.

Wale wanaojifunza Kifaransa shuleni wanajua kwamba chanjo huitwa «vaccin». Neno hilo limetoka katika Kilatini, «vacca», maana yake ng'ombe. Kila mtoto anayechanjwa leo, hata akichanjwa kwa ajili ya surua, anakumbusha ng'ombe yule wa Berkeley.

Kazi iliyoanza hivyo ilimalizika mwaka 1977. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, huko Merca katika nchi ya Somalia, mpishi mmoja wa hospitali alishikwa na ndui, naye akapona. Ndiye aliyekuwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia yake ya kawaida. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetoweka katika dunia yote.

*Ng'ombe alisingiziwa*

Walakini jina hilo la ndui ya ng'ombe linamsingizia ng'ombe. Wataalamu walipochunguza baadaye, waliona kwamba huko Ulaya virusi vyake hukaa katika panya wa mashambani na wa vichakani. Ng'ombe hupatwa mara chache sana. Siku hizi mnyama anayeuleta ugonjwa huo nyumbani mara nyingi ni paka, kwa kuwa paka huwinda panya, kisha huja kulala mapajani mwa watoto. Huko Ujerumani hata tembo wa sarakasi aliwahi kuambukizwa na panya, naye akamwambukiza mtu.

Ndui ya ng'ombe hupatikana Ulaya na katika sehemu za Asia, wala si ugonjwa wa kwetu. Lakini ukoo wake ni mkubwa, nao una milango mingi. Katika India uko ugonjwa wa nyati wa kufugwa unaotoa vipele mikononi mwa wakamaji. Hata wafugaji wetu wanajua vidonda vinavyotoka midomoni mwa mbuzi na kondoo, hasa wana wao. Virusi vyake ni vya ukoo huo huo, ingawa ni vya mlango mwingine, navyo huweza kumtoa mfugaji uvimbe wenye maji katika vidole. Kwa kawaida hupoa baada ya majuma kadhaa. Lakini haifai kumlisha mwana-mbuzi mwenye vidonda hivyo kwa mikono mitupu iliyochubuka.

Shikeni neno moja hapa, maana ndilo linalofungua yote yanayofuata. Ndui ya watu, ndui ya ng'ombe na ndui ya nyani ni ndugu wa mlango mmoja. Mwili uliokwisha kufundishwa kupigana na mmoja wao huwatambua na wengine. Ndiyo sababu usaha wa ng'ombe uliwalinda watu na ndui. Na ndiyo sababu kovu la bibi lilimlinda, bila yeye kujua, na adui mwingine aliyekuwa akingoja msituni.

*Mtoto wa Basankusu*

Adui huyo alionekana mara ya kwanza mwaka 1958 huko Copenhagen, katika nchi ya Denmark, katika nyani waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya uchunguzi. Kwa hiyo akaitwa ndui ya nyani. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeuita ugonjwa huo mpox.

Mgonjwa wa kwanza miongoni mwa watu alijulikana hapa kwetu Kongo, mwaka 1970, katika hospitali ya Basankusu, jimbo la Equateur. Alikuwa mtoto wa kiume wa miezi 9. Watu wengine wa nyumba yake walikuwa wamechanjwa ndui; yeye peke yake alikuwa bado.

Na hapa tena jina limekosa haki. Nyani hupatwa kama sisi tunavyopatwa, lakini yaelekea siye mwenye nyumba. Mwaka 1985 virusi hivyo vilionekana katika kindi mmoja wa msitu wa nchi yetu, na wataalamu wanaamini kwamba makao yake ni kindi na panya wa porini. Mwaka 2003 panya wa namna hiyo walichukuliwa kutoka Ghana wakauzwa Marekani wafugwe nyumbani. Wakawaambukiza wanyama wengine wadogo waliokuwa dukani pamoja nao, na watu zaidi ya 40 wakaugua.

Kwa hiyo baba anayemkataza mwanawe kumgusa nyani, lakini amwacha aende kutega kindi na panya, amefunga mlango akaacha dirisha wazi.

Ndui ilipotoweka, nchi zote ziliacha kuchanja. Hawakufanya vibaya, maana chanjo ile ya zamani ilikuwa na hatari zake kwa watu wachache, na ugonjwa wenyewe haukuwapo tena. Lakini kila mwaka walizaliwa watoto wasio na kovu, na kila mwaka walizikwa wazee waliokuwa nalo. Uchunguzi uliofanywa katika eneo la Sankuru miaka ya 2005 hadi 2007 ulionyesha kwamba ndui ya nyani ilikuwa imeongezeka mara 20 hivi kupita miaka ya 1980.

Mwezi wa Septemba 2023 ugonjwa ukazuka Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika Kivu ya Kusini. Safari hii haukungoja mnyama. Ulipita kutoka mtu hadi mtu kwa kugusana ngozi kwa ngozi: mwanamume na mwanamke wanapokutana kimwili, mama na mtoto anayenyonya, watoto wanaolala katika mkeka mmoja. Katikati ya 2024 ulikuwa umefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya dunia nzima. Tangazo hilo liliondolewa Septemba 2025, lakini ugonjwa wenyewe haukuondoka pamoja nalo.

*Yafaayo nyumbani*

Basi, jamaa zifanye nini?

Kwanza, mnyama aliyeokotwa amekufa msituni, au anayekamatwa bila shida kwa kuwa ni mgonjwa, asiguswe wala asiletwe jikoni. Hatusemi watu wasile nyama; twajua kwamba katika vijiji vingi nyama ya porini ndiyo mboga ya jamaa. Lakini hatari kubwa imo katika kuchuna na kukatakata nyama mbichi, hasa mkono ukiwa na jeraha. Watoto wasipewe kazi hiyo. Nyama ipikwe mpaka iive kabisa, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Pili, zijueni dalili. Huanza siku 1 hadi 21 baada ya mtu kuambukizwa: homa, kuumwa kichwa na mgongo, kuchoka sana. Hufuata vipele vinavyojaa maji, kisha usaha, kisha hufanya vigaga. Wengi hudhani ni tetekuwanga. Lakini ndui ya nyani mara nyingi huvimbisha mitoki shingoni, kwapani au kinenani, na vipele hutoka hata katika viganja vya mikono na nyayo za miguu. Mara nyingine huanza sehemu za siri peke yake. Msibishane nyumbani ni ugonjwa gani. Mpelekeni mgonjwa kituo cha afya. Kama mgonjwa ni mtoto mdogo, au mama mwenye mimba, au vipele viko karibu na macho, msingoje kesho.

Tatu, mgonjwa awe na mkeka wake, sahani yake na nguo zake, na mtu mmoja tu amhudumie. Mwenye mimba asiwe yeye. Vipele vifunikwe kwa kitambaa safi. Nguo na mashuka yaoshwe kwa sabuni bila kukung'utwa. Mgonjwa huweza kuambukiza mpaka vigaga vyote vianguke na ngozi mpya ije chini yake, na kazi hiyo huchukua majuma 2 hadi 4.

Nne, iko chanjo. Mwezi wa Oktoba 2024 ilianza kutolewa katika nchi yetu, huko Goma. Chanjo iliyotumika imefanywa na virusi vya mlango ule ule wa chanjo ya zamani, vilivyodhoofishwa hata visiweze kuzaana mwilini mwa mtu. Hudungwa kwa sindano, wala haiachi kovu kama la bibi. Haiwatoshi watu wote, kwa hiyo hupewa kwanza walio katika hatari zaidi. Mkiitwa, nendeni.

*Ugonjwa wa pili*

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko hayo yote. Katika nyumba nyingi ndui ya nyani huja pamoja na ugonjwa wa pili, ndio haya. Mume humficha mkewe vipele vyake. Mama humfunga mtoto kwa kanga, asionekane na jirani. Wengine husema: «Amerogwa,» na majuma mawili yapotea katika kumtafuta mchawi, na huku watoto wa nyumba nzima wanaambukizwa. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa kifo chaweza kumchukua asiyeficha kitu, yaani mtoto mchanga. Katika vijiji vya msituni watoto ndio waliokufa kwa wingi.

Kwa hiyo sisi tulio jirani tuna sehemu yetu. Tukimcheka mgonjwa, tumemfundisha kujificha. Kama Jenner naye angewacheka wakamaji, huenda ndui ingekuwa ingali inatuzika. Kumwangalia mgonjwa ni tendo jema, wala si lazima kumshika mkono. Weka maji, unga na sabuni mlangoni pake, msalimu kwa sauti, mwulize kama watoto wamekula, umwambie kwamba atapona, maana wengi wanaotunzwa mapema hupona kweli. Na vigaga vikiisha kuanguka vyote, mkaribishe tena kukaa karibu nawe, na watu waone.

Bibi alilindwa na kovu ambalo wengine walimtafutia kabla hajajua kusema. Vijana hawana kovu hilo. Walinzi wao leo ni mikono inayooshwa, macho yanayotambua ugonjwa mapema, na mtu wa nyumbani asiyeona haya kusema: «Mwangalieni mtoto huyu, twende hospitali.»